Siku Ishirini na Sita za Sajini

Asubuhi ile mbwa Sajini alimaliza ndoo ya maji kabla chai haijachemka, kisha akasimama mbele ya ndoo tupu akimtazama Mama Pasi kama askari anayesubiri amri. Mama Pasi akamjazia nyingine. Akainywa nayo hadi nusu. Tumbo lake lilikuwa limetanuka pande zote mbili na kushuka, manyoya ya mgongoni yamekosa ung'avu, na alipogeuka kurudi kwenye kona yake alivuta miguu ya nyuma kana kwamba amebebeshwa gunia la mchanga.

"Kiu ya uzazi hiyo," mumewe alisema kutoka mlangoni, akifunga vifungo vya shati. "Hanywi peke yake. Wanakunywa wote waliomo humo."

"Jana jioni hakugusa chakula."

"Mwenye mimba halazimishwi kula. Wewe wakati wa mimba ya Kitinda si ulikaa wiki mbili kwa chai kavu?"

Mama Pasi aliinama kuokota ndoo, akatulia kidogo akiwa ameinama vilevile, mkono mmoja kiunoni, halafu akanyooka polepole.

Mumewe mtaa mzima ulimwita Mkufunzi. Kwa miaka thelathini na mmoja aliwafundisha mbwa wa kampuni ya ulinzi kukaa, kulala chini, kunusa na kukamata mkono wa mtu bila kuung'oa. Miezi mitano nyuma kampuni ilimpa cheti, saa ya ukutani na Sajini, mbwa jike wa miaka tisa aliyekuwa amechoka kama yeye. Wote wawili walistaafishwa kwa barua moja, na Mkufunzi mwenyewe ndiye aliyeugeuza mkasa huo kuwa kichekesho. Ila wiki za mwanzo hakuna aliyemsikia akicheka. Alikuwa akiamka saa kumi na moja, anavaa buti, anakaa kwenye kiti cha barazani mpaka mchana, buti ziko mguuni.

Kilichomrudishia uhai ni Sajini kuingia joto. Kazini mbwa majike hawakuruhusiwa kuzaa, walitengwa hadi siku zao zipite. Sasa hapakuwa na wa kumkataza. Alitundika kalenda ukumbini, akanunua penseli nyekundu, na kila siku aliyokuta matone ya damu sakafuni aliweka alama ya mkasi. Alama zilifika ishirini na sita. Siku ya ishirini na saba akamleta dume la muuza nyama, akalifungia uani pamoja na Sajini siku mbili. Tangu hapo amehesabu hamsini na nane, na mbwa huchukua mimba siku sitini na tatu. Zilibaki tano. Watoto walikwisha kugawiwa kabla hawajazaliwa: mmoja wa mwenye duka la rangi, mmoja wa mwalimu mkuu, wawili wa kampuni yenyewe.

"Na mimi wa kwanza kuchagua," alisema muuza nyama, aliyepita na baiskeli yake asubuhi hiyo akiwa na mfuko wa mifupa. Alichungulia kwenye kona. "Dume ni langu. Lo! Huyu anao wanane humo, mzee. Tisa!"

"Usimhesabie," Mkufunzi alisema, lakini alikuwa anatabasamu hadi masikioni.

Muuza nyama akamtupia mfupa. Sajini aliunusa, akageuza uso, akatapika povu la manjano miguuni mwake. Akajaribu kusimama. Miguu ya nyuma ikakataa, akaanguka kwa ubavu, ulimi nje, na ufizi uliokuwa mwekundu jana ulikuwa sasa mweupe kama karatasi.

Tabasamu la Mkufunzi lilibaki usoni muda kidogo baada ya furaha yenyewe kwisha kutoka.

"Kitinda!" Mama Pasi aliita. "Leta toroli!"

*

Dereva wa kwanza wa teksi alitazama mbwa, akapandisha kioo. Wa pili alisema viti vyake ni vipya. Basi wakaenda na toroli: Mkufunzi akisukuma, Kitinda akishika kando isipinduke, Mama Pasi akitembea upande wa pili na kiganja chake juu ya kichwa cha Sajini. Kitinda, binti yao wa mwisho, alikuwa na miaka ishirini na mbili na alifanya kazi kwenye duka la kutoa nakala. Siku hiyo alipaswa kufungua duka saa mbili. Mama yake alikuwa na siku yake moja ya mapumziko katika wiki. Siku nyingine zote alifua na kupiga pasi mashuka ya nyumba moja ya wageni, ndiyo maana wenzake wakambatiza jina hilo.

Watu waliwatazama. Kijiwe cha mafundi viatu kilisimamisha nyundo.

"Mzee, na sisi tukiumwa utatusukuma?" mmoja akauliza, na wote wakaangua kicheko.

Mkufunzi alikaza shingo, akatazama mbele. Mama Pasi alicheka nao kidogo, kwa adabu. Kisha akasema, "Twende taratibu, baba," na mumewe akadhani anamwonea huruma mbwa.

*

Daktari wa mifugo alikuwa mwanamke kijana, umri wa mtoto wao wa kwanza, nywele kazifunga kwa mpira wa chupa za dawa. Chumba chake kilikuwa na meza ya chuma, mizani, benchi moja na harufu ya dawa ya kuulia wadudu. Walimpandisha Sajini mezani. Daktari akampima joto, akambonyeza ufizi, akapapasa tumbo kwa viganja viwili, polepole, na uso wake ukabadilika.

"Amewahi kuzaa?"

"Hajawahi," alijibu Mkufunzi. "Huu ndio uzao wake wa kwanza."

"Na miaka tisa. Joto lake la mwisho lilianza lini?"

Hilo ndilo swali Mkufunzi alilokuwa akilisubiri. Kabla ya kutoka nyumbani alikuwa ameitoa kalenda ukutani na kuikunja ndani ya shati. Akaikunjua mezani, karibu na mkia wa Sajini, akaisawazisha kwa kiganja.

"Hii hapa. Siku ya kwanza hii. Damu ikamtoka siku ishirini na sita. Nimeweka alama kila siku, hata moja sijaruka."

Daktari akaacha kuandika. "Ngapi?"

"Ishirini na sita."

"Mzee wangu, mbwa jike damu humtoka wiki moja, siku kumi hivi, akizidi sana wiki mbili. Baada ya hapo majimaji yanapauka, na ndipo anapomkubali dume. Wiki moja nyingine. Ikipita hiyo, basi tena hadi miezi sita."

"Ndivyo nilivyofundishwa. Subiri damu iishe."

"Ukamleta dume lini?"

"Siku ya ishirini na saba."

"Uliwaona wamenasana?"

Mkufunzi alikohoa. Aliona aibu kuulizwa vile mbele ya binti yake. "Niliwafungia uani siku mbili. Mwenye dume alisema kazi imefanyika."

Daktari alichukua wembe. Alimnyoa Sajini manyoya ya tumbo, akampaka mafuta ya baridi, akawasha mashine ya picha. Kwenye kioo kidogo yakatokea mapande meusi yaliyopangana kama soseji nene. Kitinda akasogea.

"Vitoto viko wapi?"

"Hakuna vitoto."

"Hakuna hata kimoja?" Mkufunzi aliuliza.

"Hakuna, mzee. Hakupata mimba. Huu weusi wote ni usaha."

Walimtazama kana kwamba ametukana.

"Usaha?" Kitinda alirudia.

"Kizazi chake kimejaa usaha. Mbwa jike joto likishapita, kizazi kinajiandaa kulea miezi miwili mizima, awe amepandwa au hajapandwa. Mwili wake haujui tofauti. Anaweza hata kutoa maziwa. Sasa akirudia hivyo mwaka hadi mwaka bila kuzaa, ukuta wa kizazi unakuwa mnene, vijidudu vinapata pa kulala. Wakati mwingine uchafu unatoka nje mtu akauona. Wake mlango umefunga. Ndiyo maana tumbo, ndiyo maana kiu. Kikipasuka ndani kwa ndani, kesho hamnaye."

Mkufunzi aliketi kwenye benchi bila kuangalia nyuma kama benchi lipo. Watoto wanane, tisa. Mwalimu mkuu. Mwenye duka la rangi. Alikuwa ameshaanza kuwafikiria majina. Kumbe asubuhi zote zile, alipoweka sikio juu ya lile tumbo na kuapa kwamba wanacheza, alikuwa anasikiliza usaha.

"Lazima nimpasue leo hii, nikitoe kizazi chote," daktari aliendelea. "Lakini hizi siku ishirini na sita zinanisumbua. Kama kweli damu ilimtoka muda wote huo, basi huenda ana uvimbe, au damu yake haigandi. Damu isipoganda nikampasua, atanifia hapa mezani. Nahitaji uhakika. Uliona ikimtoka yeye mwenyewe?"

"Niliona matone. Ukumbini, kati ya chumba chetu na bafu. Kila alfajiri. Nilikuwa nayafuta mwenyewe."

"Mwilini mwake je?"

"Anajilamba, daktari. Anajisafisha kuliko paka."

"Jaribu kukumbuka, mzee. Una uhakika yalikuwa yake?"

"Yake, ya nani tena? Ndani ya nyumba ile nani mwingine—"

"Kumi na moja," alisema Mama Pasi.

Alikuwa amesimama kichwani mwa meza muda wote huo, mikono miwili imeshika masikio ya Sajini. Hakuinua macho.

"Unasemaje, mama?" daktari aliuliza.

"Zake zilikuwa siku kumi na moja. Hana ugonjwa wa damu. Unaweza kumpasua."

"Na hizo nyingine kumi na tano?"

Ilisikika mashine ikinguruma. Nje mtu alipita akiburuta kitu cha bati.

"Zangu," alisema.

Kitinda ndiye aliyeuliza kwanza. "Zako vipi, Mama? Wewe si ulikoma? Miaka sita imepita. Si ulinipa na vile vitambaa vyako vyote?"

"Nilikoma. Zikarudi."

"Zikarudi lini?"

"Zilianza kabla ya Sajini. Kidogo tu, zinakuja zinakwenda. Halafu wiki zile zikawa nyingi." Alikuwa akisema na mbwa, si nao. "Nikamwangalia huyu. Kwa miaka ya mbwa ni bibi kizee, na bado anazipata. Nikasema labda ndivyo ilivyo. Labda na mimi bado."

Daktari alivua glavu. Alizunguka meza akaja kusimama karibu naye, na sauti yake ilipotoka ilikuwa imeshuka.

"Mama, mbwa hakomi. Anaendelea mpaka anaingia kaburini. Binadamu anakoma. Na mwanamke aliyekoma mwaka mzima, achilia mbali sita, damu ikirudi, hata tone moja, hiyo si siku zake. Mimi ni daktari wa wanyama. Siruhusiwi kukupima wala kukwambia una nini. Lakini ukitoka hapa usirudi nyumbani. Nenda hospitali. Leo."

Mkufunzi alikuwa bado kwenye benchi. Mdomo ulikuwa wazi, macho yamemtoka, na alifanana na mtu aliyeamshwa kwa maji.

"Nilikuwa nafuta damu yako?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Nikamfokea mbwa."

"Ndiyo, baba."

"Siku kumi na tano."

Daktari akaleta karatasi ya idhini ya upasuaji na kalamu. Ilikuwa na sehemu ya jina la mbwa, jinsia, umri, na mahali pa mwenye mbwa kutia saini. Mkufunzi aliishika kalamu, akaitazama meza, akamtazama mkewe, akaitazama tena karatasi. Saini yake ikafanana na mwandiko wa mtoto.

"Mtendee unavyojua," alimwambia daktari, na kwa mara ya kwanza tangu alipokabidhiwa Sajini aligeuka akamwacha bila kumpa amri ya kukaa.

Mkewe na bintiye walikuwa wameshafika barabarani. Ilibidi akimbie.

*

Mapokezi ya hospitali yalikuwa na dirisha moja na foleni mbili. Muuguzi wa dirishani alikuwa na fomu, na kwa kuwa Mkufunzi ndiye aliyesimama mbele, alimuuliza yeye.

"Wewe ndiye mumewe? Umri wake?"

"Hamsini na saba."

"Hedhi ilikoma akiwa na miaka mingapi?"

Mkufunzi alifungua mdomo. Mwanamume aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni akageuza uso kutazama ukuta.

"Mzee?"

"Hamsini na mmoja," alijibu Mama Pasi kutoka nyuma ya bega lake.

"Damu ilianza tena lini?"

"Mwezi wa nane huu," Mama Pasi alisema.

Kitinda alishika kichwa. Mkufunzi akageuka mzima mzima. "Miezi minane?"

"Mimba amebeba ngapi?" muuguzi aliendelea bila kuinua uso.

"Tatu," alisema Mkufunzi haraka. Hili angalau alilijua. "Wavulana wawili na huyu hapa."

"Nne," alisema Mama Pasi.

Muuguzi akaandika nne. Kalamu ilikwaruza karatasi, akahamia mstari unaofuata, akauliza kuhusu kisukari, kuhusu presha. Mkufunzi hakusikia hata kimoja. Walipopewa namba na kuketi kwenye benchi la ukumbini, alisubiri Kitinda aende kutafuta maji.

"Nne?"

"Ulikuwa kwenye yale mafunzo ya miezi miwili. Kabla ya Kitinda. Ilikuwa ya miezi mitatu, ikatoka."

"Nikarudi hukuniambia?"

"Ulirudi umepandishwa cheo. Nyumba ilijaa watu."

Alikunja mikono yake mikubwa, mikono iliyofundisha mamia ya mbwa kusubiri. Mbele yao bango lilionyesha mama akimnyonyesha mtoto. Alilisoma lote, akalisoma tena.

"Na hii je?" alisema hatimaye, na hasira ikaanza kumpanda kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kuweka hofu. "Hii kwa nini hukuniambia? Tunalala kitanda kimoja! Mimi ni nani kwako, mpangaji?"

"Punguza sauti, watu wanasikia."

"Wasikie!"

Mama Pasi alingoja apumue.

"Siku ya kumi na mbili," alisema, "nilitoka bafuni alfajiri nikakukuta umepiga magoti, unafuta. Nikasema hapo hapo sasa namwambia. Nikafungua mdomo. Ukainua kichwa ukasema, 'Mama watoto, Sajini bado!' Ukawa unacheka. Tangu walipokustaafisha ulikuwa hujacheka. Nikasema basi, nitamwambia kesho." Aliweka sawa kanga yake mapajani. "Kesho yake ukacheka tena."

Kitinda aliporudi na maji, alimkuta baba yake ameinamisha kichwa magotini, na mama yake akimpigapiga mgongoni kama mtu anayembembeleza mgonjwa.

*

Hospitalini walimkata Mama Pasi kinyama kidogo cha kizazi kwenda kupimwa, wakasema majibu baada ya siku kumi. Jioni hiyohiyo daktari wa mifugo alipiga simu: kizazi cha Sajini kimetoka salama, kilikuwa na uzito wa kilo mbili na nusu, mbwa ameamka na amenywa maji kidogo, kiasi cha mbwa wa kawaida. Mkufunzi alisema asante mara tatu na kukata simu bila kuuliza aje kumchukua lini. Kitinda ndiye aliyekwenda siku ya tatu na lile toroli.

Siku kumi hizo Mkufunzi alifanya mambo ambayo hakuna aliyemwomba. Alideki. Alipika uji ukashika chini. Alfajiri moja Mama Pasi alimkuta uani na beseni, anafua shuka lao, mvuke unafuka.

"Maji ya moto hayo?"

"Ili litakate."

"Maji ya moto yanaipika damu, baba. Haitoki tena maisha." Alimwaga beseni, akafungulia bomba. "Baridi. Na chumvi. Halafu unaacha, husugui. Mimi nafua ya wageni miaka kumi na minane, unadhani yangu ningeshindwa kuificha?"

Alisema kwa utani. Lakini Mkufunzi alibaki ameshika chumvi mkononi, akitazama doa likilegea na kupotea ndani ya maji, kirahisi namna ile.

Siku ya saba muuza nyama alisimamisha baiskeli langoni. Sajini alikuwa amelala kivulini, tumbo limenywea, nyuzi za mshono zinaonekana.

"Kwa hiyo hakuna kitu," alisema muuza nyama. "Dume langu lilikuja hapa kula bure siku mbili?"

"Hakuna kitu."

"Na wewe na kalenda yako! Mtaalamu mzima! Mwalimu mkuu anasema ulimwapia kwamba hujawahi kukosea siku. Imekuwaje?"

Jibu lilikuwepo. Lilikuwa limemkaa Mkufunzi mdomoni, na lingemwondolea aibu yote kwa maneno matano. Ndani dirisha lilikuwa wazi, na Mama Pasi alikuwa nyuma ya pazia na pasi mkononi, hapumui.

"Nilikosea hesabu," Mkufunzi alisema.

"Miaka thelathini na mmoja ya mbwa, unakosea hesabu?"

"Nimezeeka, ndugu yangu."

Muuza nyama alicheka mpaka akashika usukani wa baiskeli. Habari hiyo ilifika kijiwe cha mafundi viatu kabla ya adhuhuri, na kwa wiki nyingi Mkufunzi hakupita pale bila kuulizwa leo ni tarehe ngapi. Alijibu tarehe, akapita.

*

Majibu yalipokuja, daktari wa hospitali, mwanamume mnene mwenye sauti ya upole, aliyasoma kimya kwanza. Ilikuwa saratani ya kizazi, kwenye ule ukuta wa ndani. Alisema neno lenyewe bila kulizungusha, na Kitinda akatoa sauti ndogo kama mtu aliyechomwa sindano. Haikuwa imetoka nje ya kizazi, kwa jinsi picha zilivyoonyesha. Wangekitoa chote. Huenda hiyo ikatosha, huenda mionzi ikahitajika, hilo lingejulikana baadaye.

"Mmewahi," alisema. "Si sana, lakini mmewahi. Nani aliwashauri mje?"

"Daktari wa mbwa," Mkufunzi alisema.

Daktari alitazama juu ya miwani kuona kama anafanyiwa mzaha.

Kazini, Mama Pasi alikwenda kuomba ruhusa kwa msimamizi wa chumba cha kufulia. Msimamizi huyo alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiyesahau kuhesabu foronya, na watu walimwita Rula. Mama Pasi alimwambia anaumwa tumbo, atalazwa.

"Sote tunaumwa tumbo," alijibu Rula, akapiga muhuri kwenye karatasi ya ruhusa, akarudi kuhesabu.

*

Upasuaji ulikwenda salama. Siku ya nne wenzake wa kufulia walikuja wodini sita kwa mpigo, wamevaa sare za kazi, mikono inanuka sabuni. Rula alikuwa nyuma yao. Walileta machungwa na kelele. Mmoja akauliza kwa kunong'ona, "Wamekutoa nini hasa?" na mwingine akamkanyaga mguu.

"Acha aulize," Mama Pasi alisema. Sauti yake ilikuwa dhaifu lakini haikunong'ona, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka. "Wamenitoa kizazi. Nilikuwa na saratani. Nilitokwa na damu miezi minane, na nilikoma miaka sita nyuma, na nikanyamaza. Nilifua, nikaanika, nikavaa nguo nyeusi. Mume wangu alidhani ni ya mbwa."

Mwanamke aliyeshika mfuko wa machungwa aliuweka sakafuni taratibu.

"Mbwa ndiye aliyeumbuka kwa niaba yangu," aliendelea Mama Pasi. "Kama si yeye kuugua, leo mngekuwa mnachangia sanda."

"Jamani," mmoja alisema. "Jamani, jamani." Waliaga mmoja mmoja, wakimshika mkono muda mrefu kuliko kawaida, wakatoka kimya kana kwamba wametoka msibani.

Rula hakutoka. Alisogea akavuta pazia la kitanda, upande mmoja, kisha upande wa pili, akasimama katikati ya kitambaa kile cha kijani na mkoba wake ameubana tumboni kwa mikono miwili.

"Ile ya kwako," alisema, "ilikuwa nyekundu, au ilikuwa kama kahawia?"

Mama Pasi alimtazama. Miaka kumi na minane walikuwa wamefanya kazi chumba kimoja, na hakuwahi kuona kidevu cha mwanamke yule kikitetemeka.

"Zote mbili. Tangu lini?"

"Mwaka jana."

"Mwezi gani, mwaka jana?"

Rula alitikisa kichwa. Hakuweza kuusema. Mwaka mzima, na kila siku alikuwa akiwahesabia foronya.

Mama Pasi alifunua shuka. Aliweka mkono juu ya mshono, akauma meno, akashusha mguu mmoja, kisha wa pili, akawa anapapasa kwa vidole sakafuni.

"Unafanya nini? Lala! Utafumua nyuzi!"

"Natafuta viatu," Mama Pasi alisema. "Daktari anatoka saa kumi. Chumba chake kiko mwisho wa ukumbi huu, na wewe peke yako hutafika. Utageukia mlango wa kutokea. Nakujua. Nishike mkono."

Rula akainama, yeye ambaye hakuwahi kumwinamia mtu, akavitoa viatu chini ya kitanda, akamvisha kimoja, akamvisha na cha pili.